Jina Wenceslaus, Maana Yake Nini?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa

Naamini kazi za mchana zimekwisha, sufuria zimekwisha kuepuliwa, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake. Kiongozi wa darasa na awe na chaki tayari, maana leo tutaandika ubaoni.

Neno la kwanza ambalo mtu mzima hutaka kuliandika ni jina lake. Hilo walimu wote wanalijua. Hata kabla ya kuuliza habari ya barua au hesabu, mwanafunzi husema, "Mwalimu, nionyeshe jina langu." Basi anayeitwa Juma huandika herufi nne akaweka kalamu chini. Asha naye vivyo hivyo. Lakini katika madarasa yetu wamo wenzetu ambao majina yao huwatoa jasho. Leo tutachukua jina moja la namna hiyo, si la kawaida sana, nalo ni Wenceslaus. Tutauliza mambo matatu: maana yake nini, limetoka wapi, na je, mwenye jina hilo afanye nini ili jina lake lisimpotee katika karatasi. Hata wewe ambaye huitwi hivyo, usiende zako. Somo hili ni lako pia.

1. Majina yanayojieleza

Sisi watu wa pwani tumezoea majina yanayojieleza yenyewe. Mtoto aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma. Aliyezaliwa Alhamisi huitwa Hamisi, na akiwa wa kike, Mwanahamisi. Chausiku alizaliwa usiku. Tatu ni mtoto wa tatu. Mashaka na Tabu, ukiwauliza bibi zao, utahadithiwa mambo yaliyoipata nyumba ile mwaka waliozaliwa.

Mengine yalitoka mbali, nasi tukayazoea. Mathalani jina Majid. Mji wetu huu wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani wa Unguja, Majid bin Said, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Majid ni neno la Kiarabu, na maana yake ni mtukufu. Mpaka leo ukipita Temeke ukaita "Majid!", hutakosa wa kuitika.

Lakini ukiita "Wenceslaus!", watu watageuka na kutazamana. Wengine watasema, "Hilo jina gani? Ni sauti tu ya Kizungu, haina maana." Hapo wamekosea. Jina hili lina maana, tena maana yake iko karibu sana na ile ya Majid. Sasa tutaona.

2. Jina la vipande viwili

Kiongozi, andika ubaoni kwa herufi kubwa:

WENCE – SLAUS

Someni pamoja. Wence. Slaus. Tena. Wence. Slaus. Vema.

Mashariki na katikati ya Ulaya wako watu waitwao Waslavi. Si kabila moja. Ni mataifa mengi ambayo lugha zao ni za ukoo mmoja, kama vile Kizaramo, Kingoni na Kisukuma zilivyo za ukoo mmoja wa Kibantu. Warusi ni Waslavi, Wapoland ni Waslavi, Wacheki kadhalika. Zamani wakuu wao walipenda kumpa mtoto jina lililoungwa kwa maneno mawili. Jambo hili si geni kwetu. Tulilitaja hivi sasa jina Mwanahamisi: ni mwana, ni Hamisi, ukiunganisha ni jina moja.

Tazameni sasa kipande cha mwisho, slaus. Hicho kimetoka katika neno slava. Slava ni sifa, ni utukufu, ni kule kusemwa vizuri na watu wengi. Na kipande cha mbele, wence, kimetoka katika neno lao la kale lenye maana ya zaidi. Mpoland wa leo bado akitaka kusema "zaidi" husema neno linalofanana na hilo. Basi unganisheni: zaidi, na sifa. Wenceslaus ni mwenye sifa zaidi, mwenye utukufu mkubwa zaidi. Je, hamwoni kwamba yeye na Majid wangeweza kuitana somo?

Mtaniuliza: ile us ya mwisho ni ya nini? Hiyo ni ya Kilatini, lugha ya zamani ya Kanisa la Kirumi. Mapadre walipoandika jina la Kislavi katika vitabu vyao, waliliongeza mkia wa Kilatini ili lifanane na majina mengine, kama Paulus na Petrus. Kwao wenyewe Wacheki husema Václav. Wapoland husema Wacław. Wajerumani husema Wenzel. Mtu ni yule yule, ila amebadili kanzu.

Sasa nitawapa faida. Ukijua mkia slaus, umepata ufunguo wa kufungua milango mingine. Andika Stanislaus. Umeona? Mkia ni ule ule. Kipande cha mbele kina maana ya kusimama au kuwa, basi Stanislaus ni mtu ambaye sifa yake husimama. Andika tena Ladislaus. Hili asili yake ni Vladislav, na kipande cha mbele kina maana ya kutawala. Ladislaus ni mwenye kutawala kwa sifa. Mkia mmoja, majina matatu. Ndiyo sababu huwaambia wanafunzi: usilitazame neno refu kama mlima. Litazame kama muwa. Tafuta kifundo chake, ukate hapo, utafune kipande kimoja kimoja.

3. Ndugu wawili, jina moja

Lakini jina jema humfanya mtu kuwa mwema? Sikilizeni habari hii.

Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, alikuwako mtawala jina lake Vratislav. Nalo jina lake lina mkia ule ule wa sifa. Alizaa watoto, na wawili kati yao walikuwa Wenceslaus na Boleslav. Mmekwisha kumjua Wenceslaus maana yake. Na Boleslav je? Bole ni neno jingine la kale lenye maana ya zaidi, kubwa zaidi. Slav ni sifa. Basi Boleslav naye ni mwenye sifa zaidi! Wana wawili wa baba mmoja, majina mawili yenye maana moja.

Wenceslaus alilelewa na bibi yake, Ludmila. Bibi huyo jina lake lina maana ya mpendwa wa watu, lakini halikumwokoa: aliuawa mwaka 921 katika magomvi ya watawala. Wenceslaus alipokuwa mkubwa akashika nchi, makao yake yakiwa Praha. Masimulizi ya kale humsifu kwamba alipenda dini na kwamba aliwahurumia maskini na wafungwa.

Ndugu yake Boleslav aliutaka utawala. Masimulizi yasema alimwalika Wenceslaus kwake kwa karamu. Mgeni akala, akalala. Asubuhi, tarehe 28 Septemba, alipokuwa akienda kusali, Boleslav na watu wake walimwangukia, wakamwua karibu na mlango wa kanisa. Wataalamu wengine husema ilikuwa mwaka 935, wengine 929.

Boleslav akatawala miaka mingi. Alikuwa mtawala hodari, nchi yake ikapanuka. Lakini watu wa baadaye walimwita nani? Walimwita Boleslav Mkatili. Na yule aliyeuawa, Kanisa lilimhesabu kuwa mtakatifu. Wacheki wakamfanya msimamizi wa taifa lao. Katikati ya Praha uko uwanja mkubwa wenye jina lake, na sanamu yake iko pale juu ya farasi. Tangu mwaka 2000, tarehe 28 Septemba ni sikukuu ya taifa huko.

Sasa, wanafunzi, pimeni wenyewe. Wote wawili waliitwa mwenye sifa zaidi. Mmoja sifa ilimfuata, mwingine ikamkimbia. Wazee wetu husema: jina jema hung'ara gizani. Hawakusema juu ya jina ulilopewa siku ya kuzaliwa. Walisema juu ya jina unalojipatia kwa matendo yako. La kwanza hupewa na wazazi. La pili hupewa na majirani, nao hawaulizi cheti.

4. Jina lilifikaje kwetu?

Kutoka Bohemia hata Temeke ni safari ndefu. Wenceslaus aliyekuwa wa Wacheki akawa mtakatifu wa Kanisa zima, na siku yake ikaandikwa katika kalenda ya Kanisa. Kalenda hiyo mapadre waliichukua kila walikokwenda. Waholigosti walijenga misioni Bagamoyo mwaka 1868. Wabenediktini wa Ujerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wakaanza misioni Pugu. Baadaye walikwenda kusini, wakaanza Peramiho mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Upande wa maziwa walikuwako Mapadre Weupe.

Mtu alipobatizwa alipewa jina la mtakatifu. Mara nyingi kalenda ilitazamwa: ni siku ya nani leo, au siku ya nani iliyo karibu? Basi mtoto aliyezaliwa mwisho wa Septemba aliweza kupata jina Wenceslaus, kwa njia ile ile ambayo aliyezaliwa Ijumaa huku pwani alipata jina Juma. Kalenda ni mbili, desturi ni moja. Halafu vijana wa Songea, wa Mahenge, wa Masasi na wa Bukoba wakaja mjini kutafuta kazi. Wakapanga vyumba Keko, wakajenga Mbagala, wakaoa na kuzaa. Majina yao yakaja pamoja nao.

Waslavi wenyewe nao waliwahi kuishi katika nchi hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wa Poland waliletwa Afrika ya Mashariki. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, na watu wake walikuwa elfu tano hivi, wengi wakiwa wanawake na watoto. Makaburi yao yako pale hata leo, na majina ya Kislavi yamechorwa juu ya mawe. Lakini akina Stanislaus wetu hawakungoja kambi ile. Majina hayo yalikuwa yamekwisha kuingia kwa mlango wa ubatizo.

Siku hizi Stanislaus limezoeleka sana, hata limefupishwa kwa ulimi wetu. Mbunge aliyechaguliwa Nyamagana, Mwanza, mwaka 2015, huandikwa Stanslaus Mabula, bila ile i ya katikati. Si kosa. Hiyo ndiyo tahajia ya jina lake, nayo yapasa kuwa hiyo hiyo kila mahali. Shikeni neno hilo, kila mahali, maana sasa tunafika penye shida.

5. Mtu mmoja, majina manne

Tumfikirie mtu wa mfano. Ni fundi seremala wa Keko, mtu mzima, mwenye nyumba ya vyumba vitatu Mbagala. Jina lake Wenceslaus, ila mtaani huitwa Mzee Wensi. Hakusoma. Kila alipokwenda ofisini alitaja jina lake kwa mdomo, karani akaandika kama alivyosikia, naye akabonyeza kidole gumba.

Siku moja anajiunga na darasa la jioni. Anajifunza herufi. Anafungua mfuko wa nailoni anamoweka karatasi zake, azisome kwa mara ya kwanza. Anakuta nini? Cheti cha ubatizo: Venceslaus. Kadi ya mpiga kura: Wenslaus. Hati ya mauzo ya kiwanja: Wenchesilausi. Kitambulisho cha taifa: Wenceslaus. Mtu mmoja, majina manne.

Msiwacheke makarani wale. Herufi hizi zina hila. Katika Kilatini jina huanza kwa V. Wajerumani huandika W lakini hutamka v. Sisi tukiona W twatamka w. Ile C nayo wengine huisoma s, wengine ch, wengine ts. Kila mmoja aliandika kwa sikio lake. Kosa lilitokea kwa sababu mwenye jina hakuweza kutazama karatasi na kusema, "Ngoja, bwana. Hilo silo jina langu."

Na hasara yake ni nini? Akiwa hai anaweza kwenda benki akaambiwa kwamba jina la kitabu si jina la kitambulisho, arudi kesho. Hiyo ni nauli na siku ya kazi. Lakini siku akifa ni zaidi. Mjane na watoto watakwenda na hati ya kiwanja. Wataulizwa: huyu Wenchesilausi ni nani, maana marehemu wenu alikuwa Wenceslaus? Watasema ni baba yetu. Nao wataambiwa: thibitisheni. Hapo ndugu mwenye tamaa hupata pa kuingilia. Mumekwisha kusikia habari ya ndugu wawili wa Bohemia. Magomvi ya urithi hayakwisha na wao.

Basi afanye nini? Kwanza, achague tahajia moja. Iliyo nzuri ni ile ya kitambulisho cha taifa, kwa sababu ofisi nyingi siku hizi hutazama hicho. Pili, aiandike mwenyewe kwa mkono wake mara nyingi, mpaka mkono usisite. Tatu, aende kwa wakili au mahakamani akaape kwa maandishi kwamba majina yale manne ni ya mtu mmoja. Karatasi hiyo huitwa hati ya kiapo. Aitunze pamoja na hati ya kiwanja, na mkewe ajue ilipo. Nne, palipo na njia ya kusahihisha katika ofisi yenyewe, asahihishe mapema, yeye mwenyewe akiwa hai. Vyeti vya kuzaliwa hushughulikiwa na RITA, na vitambulisho vya taifa na NIDA. Na tano, kila aandikiwapo karatasi mpya, asitie sahihi kabla ya kulisoma jina lake herufi kwa herufi.

Wala usidhani jambo hili ni la akina Wenceslaus tu. Mwanahamisi huandikwa Mwanahamis. Mohamedi huandikwa Mohamed, Muhammad na Mohammed. Hamisi huwa Khamis. Kila mmoja wetu ana mfuko wa karatasi nyumbani. Leo usiku ufungue.

6. Kazi ya darasa

Sasa chukueni kalamu. Nitanyamaza kidogo baada ya kila kazi.

Kwanza, andika jina Wenceslaus mara tatu. Piga mstari chini ya mkia wake.

(Muda wa kuandika)

Pili, andika Stanislaus na Ladislaus. Ni sehemu gani iliyo sawa katika majina yote matatu? Ina maana gani?

(Muda wa kuandika)

Tatu, andika jina lako kamili kama lilivyo katika kitambulisho chako. Mpe jirani yako alisome kwa sauti. Kama amelisoma sawasawa, umeandika vema.

(Muda wa kuandika)

Mazungumzo ya kikundi, redio ikiisha: Nani alikupa jina lako, na kwa nini? Kwa nini Boleslav aliitwa Mkatili ingawa jina lake lilikuwa la sifa? Je, karatasi zako zote zina jina moja?

Maneno ya kujifunza katika somo hili: asili, utukufu, tahajia, urithi, hati ya kiapo.

Wanafunzi, saa yetu imekwisha. Wiki ijayo njooni na karatasi moja yenye jina lako, yoyote ile, hata kama ni risiti ya ada ya mtoto. Tutajifunza kuisoma yote, toka tarehe ya juu hata mhuri wa chini. Na kama katika darasa lenu yumo mmoja aitwaye Wenceslaus, kabla hamjatawanyika mpeni chaki aandike jina lake ubaoni mwenyewe. Msimsaidie. Mwacheni achukue muda wake. Akimaliza, lisomeni wote pamoja.

Kwaherini.